Kwakoru Amehama

Mwaka 2012, kwenye ukuta wa ofisi ya shirika moja la maji pale Lodwar, shirika ambalo sitalitaja kwa sababu bado natafuta kazi, kulikuwa na ramani kubwa ya Turkana. Ukitazama juu kidogo ya Kakuma, chini ya milima ya Pelekech, ungeona nukta nyeusi na kando yake jina: Kwakoru. Watu wa ofisi ile wangekuapia kwamba hicho ni kijiji. Kijiji gani! Huyo ni mwanamke, ana miguu miwili na ulimi mkali. Aliyemgeuza kuwa kijiji ni mimi, Lomenen, mkalimani mwenye cheti.

Nianze na huyo mwanamke mwenyewe. Akoru alizaliwa kwenye milima hiyo, mwaka haujulikani. Kitambulisho chake kinasema 1957, lakini hiyo ni kwa sababu karani alichoka kubishana naye. Mumewe alikufa mapema, shemeji zake wakagawana mbuzi mbele ya macho yake, akabaki na mbuzi kumi na mmoja na kinu cha kutwangia. Watu wakamshauri ateremke Kakuma, aingie kambini afue nguo za wakimbizi kama wanawake wengine wa Kiturkana. Akauliza, "Mimi nifue nguo ya mtu aliye na maji kunishinda, kwenye ardhi ya baba yangu?" Akajitwika kinu chake, akapanda mlima. Hivyo ndivyo alivyo.

Sasa ijue milima yenyewe. Mgeni akiipita kwa gari anaona mawe matupu, anafunga dirisha, anasema hapa hapafai kitu. Muongo! Kati ya mawe kuna mabonde, na kila bonde lina laga yake, mto wa mchanga unaoona maji siku mbili tatu kwa mwaka. Kandokando ya laga ndiko mikunazi inakosimama, mingine mikubwa, kivuli chake kinatosha mbuzi hamsini. Tunda lake sisi tunaliita ngakalalio, Waswahili wanaliita kunazi. Juu kabisa ni kwa nyani. Katikati ni mikunazi. Chini, milima inapokwisha, ni uwanda wa mchanga na miiba, na huko ndiko watu hukaa mvua ikinyesha. Hakuna anayekaa mahali pamoja mwaka mzima. Majani yakiisha unaondoka, unajenga kwingine kwa matawi, na jioni hiyohiyo unapika kwako.

Akoru alikausha kunazi juu ya ngozi, akazitwanga, akaziloweka kwa maji ya uvuguvugu ndani ya mtungi, akafunika kwa gunia, siku ya nne akachuja. Si busaa wala si chang'aa. Ni kinywaji chekundu, kichachu kidogo, na utamu wake unakuja mwishoni ukishadhani hakuna utamu. Naye alikuwa na maringo ya kazi yake. Ukimpelekea kunazi alionja moja tu akakuambia imetoka laga gani. "Hii ni ya udongo mwekundu, lete zingine. Hii ni ya mawe meusi, mpe punda."

Watu walimfuata. Akihamia penye mikunazi mitamu, maboma matano yanajengwa kando yake, na mwezi ukiisha yamekuwa ishirini. Akiondoka, wanaondoka. Mbuzi wako akipotea, au ukitaka kujua nani ameoa wapi, unaambiwa nenda kwa Akoru. Hukuuliza kwa Akoru ni wapi. Ulifuata nyayo tu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa mwezi wa sita 2012. Machi ya mwaka huo mafuta yalikuwa yamepatikana kusini, na tangu siku ile kila aliyekuwa na gari alikuja Turkana na mashine ya kuongea na satelaiti. Wazee walikuwa wamechoka kupimwa. Shirika likaniajiri nimfuate injinia wao, kijana mtaratibu kutoka Nairobi, tuandike makazi yote yasiyo na maji ili yachimbiwe visima. Tulipofika, Akoru alimtazama yule injinia alivyoiva kwa jua, akamjazia kibuyu.

Injinia akanywa. Akanywa tena. "Lomenen, hii ni waini kabisa! Watu wanalima zabibu milimani ng'ambo huko, wanajenga miji mizima kwa sababu ya kitu kama hiki."

"Anasema nini?" Akoru akaniuliza kwa Kiturkana.

"Anasema ni nzuri."

"Mwambie najua."

Injinia akatoa mashine yake, akasimama katikati ya maboma, akaniuliza, "Hapa panaitwaje?" Sasa wewe niambie ningejibu nini. Mlima una jina. Laga ina jina. Lakini ule uwanja ambao watu walikuwa wamejenga mwezi uliopita na wangeuacha mwezi mwingine, nani angejisumbua kuupa jina? Nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote njiani: "Hapa ni kwa Akoru." Akabonyeza, akasoma kwa sauti: "Kwakoru. Watu mia tatu na kumi na wawili." Nilisikia kabisa. Nikafikiri nimsahihishe, lakini jua lilikuwa linachoma utosi na tulikuwa na maboma mengine ya kwenda. Nikasema potelea mbali, ni herufi tu.

Mwezi wa kumi na moja, visima walivyochimba kwa mikono ndani ya laga viliingia chumvi. Mbuzi wakaanza kuhara. Akoru akakunja ngozi zake, akaenda kilomita kumi na moja kusini, kwenye laga nyingine iliyo karibu kidogo na njia ya Kakuma. Maboma yote yakamfuata. Kule nyuma palibaki majivu na miiba.

Februari 2013 nilikuwa Kakuma, ndani ya kambi, kwenye duka la kompyuta la Thon. Thon ni Mdinka wa Bor, Sudan Kusini, ameishi kambini tangu utoto, na ndiye aliyekuwa akinifungulia barua pepe zangu kwa sababu mimi na ile panya ya kompyuta hatuelewani. Shirika lilikuwa limetuma orodha ya visima. Nikaona: Kwakoru, kisima kirefu, pampu ya jua, mtambo wa kuchimba kufika baada ya uchaguzi. Nikaruka kwa furaha. Kisha nikakumbuka ile nukta iko wapi, nikakaa chini.

"Vipi? Umefurahi, halafu umenuna," Thon akasema.

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika meza. "Khalas, Lomenen! Umemfanya mama wa watu kuwa kijiji!" Alipomaliza kucheka akafuta macho, akasema kwa upole, "Lakini mwambie asilete fujo. Mimi miaka yote hii ni namba ya kadi. Yeye wamemwandika jina mpaka kwenye ramani. Si jambo dogo."

Nilimpelekea Akoru habari kesho yake. Alikuwa amekaa na jirani yake Nakal, mama wa watoto wanne, ambaye kila alfajiri alishika njia na mitungi kwenda kutafuta maji mto Tarach na kurudi jua likiwa kichwani. Nakal ndiye aliyenipokea: "Ejoka, Lomenen! Tumesikia tunaletewa kisima."

"Mnaletewa," nikasema. "Lakini kule mlikotoka."

"Kwani kule kuna nani?" Akoru akauliza.

"Kuna wewe."

"Mimi niko hapa!"

"Kwenye ramani uko kule."

Alinipiga jicho, nikaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. "Nani aliniweka kule?"

"Mimi."

Nilitegemea fimbo. Hakunigusa. Akasimama, akajifunga shuka, akasema, "Basi wewe ndiye utakayenitoa." Siku mbili baadaye tukapanda lori la mbuzi pale Kakuma, tukaenda Lodwar kupitia ile lami iliyobaki vipandevipande, tumekaa juu ya mbuzi wa watu. Alivaa shanga zake zote.

Mkuu wa mradi alitupokea ofisini akiwa na haraka. Injinia alikuwepo, amekaa pembeni. Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, Akoru akaamua kutumia Kiswahili chake mwenyewe, kile cha sokoni.

"Mimi ndio Kwakoru," akasema. "Mimi nimehama."

Mkuu akanitazama. Nikamweleza yote, kosa langu nikalitaja, nikaomba mtambo upelekwe laga mpya. Akatikisa kichwa. "Nakuelewa. Lakini vipimo vilichukuliwa pale, na wafadhili walioneshwa pale. Mwambie mama kijiji hakihami."

Nikamwambia. Akoru akajibu, nami nikatafsiri neno kwa neno, jasho likinitoka: "Hiki kimehama. Kiko mbele yako, kimesimama, na hakijakaribishwa hata kiti."

Kiti kikaletwa haraka. Hakukikalia.

"Mama," mkuu akasema, "rudini kule. Kisima kitawakuta."

"Kule hakuna jani hata moja. Tutakunywa maji, halafu mbuzi wale nini? Wale ile nukta yako?"

"Siwezi kubadilisha ramani kwa sababu ya mtu mmoja."

"Si uliichora kwa sababu ya mtu mmoja?"

Wee! Nilitafsiri nikiangalia sakafu. Mkuu akaanza kupanga karatasi zake, ile namna ya kukuambia mazungumzo yamekwisha. Akoru akasogea mpaka kwenye ukuta, akatoa kitambulisho chake kifuani, akakibandika kwa kidole juu ya ile nukta.

"Sawa, chimba," akasema. "Ni mashine yako. Siku ya kufungua, ukitaka picha ya watoto wakinywa maji, piga na fisi. Mimi na watu wangu hatuji. Na jina langu nalichukua. Mlilichukua bila kuniomba. Futa. Andika jina la mama yako, uone kama atafurahi kukaa pale peke yake."

Hata karani wa chumba cha pili akaacha kupiga chapa. Nilikuwa nimekufa tayari, nilikuwa nasubiri kuzikwa. Kumbe Injinia alikuwa ameziba mdomo anacheka. Alipoweza kusema, akamwambia mkuu wake kwa Kiingereza kwamba mama ana haki, kwamba kisima kisicho na watu kitakuwa aibu ya ofisi nzima, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kupima laga mpya. Vipimo vikikubali, mtambo utakwenda. Visipokubali, basi.

"Vitakubali," Akoru akasema nilipomtafsiria. "Mikunazi ya pale haijawahi kukauka. Inakunywa wapi, mbinguni?"

Vikakubali.

Wiki mbili baada ya kura za Machi, mtambo ulifika. Lori mbili, mabomba, mafundi sita wenye viatu vizito. Nakal alianza kuimba alipoona vumbi tu. Watu wakatoka kwenye maboma yote, wakasimama mahali Injinia alipokuwa amepigilia kigingi. Mimi nilijiona nimesamehewa.

Ndipo Injinia akatoa karatasi.

"Hii ni ya mwisho," akaniambia, na niliona hata yeye haipendi. "Mkuu amesema baada ya ile vurugu, hachimbi bila hii." Nikasoma. Jamii inaahidi kwamba makazi haya hayatahama kwa miaka kumi na tano. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina la mkazi wa kudumu, na nafasi ya sahihi au kidole gumba.

Nikatafsiri. Nilitafsiri haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, nikamsogezea Akoru kile kibati cha wino.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni kidole tu."

"Nimesikia. Hapana. Mvua ikikataa hapa, nitahama. Mwaka ujao labda. Nikiweka kidole leo, nimedanganya leo, na siku nitakapokunja ngozi zangu watasema Waturkana ni waongo, waliahidi wakaondoka. Sidanganyi mtu kwa ajili ya maji."

Nakal hakuvumilia. "Akoru! Mimi mgongo umekwisha! Weka kidole, hao hawatarudi kuangalia!" Watu wakaanza kupiga kelele. Mwingine akasema mama huyu ana kichwa ngumu, atatuua na kiu kwa sababu ya maringo. Mimi mwenyewe nilimkasirikia. Nasema kweli, dakika ile nilimchukia. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Danganya tu, mama. Kila mtu anadanganya kwenye fomu."

"Wewe ulidanganya kidogo tu," akanijibu, "na angalia tulivyotembea."

Nikakifunika kile kibati cha wino.

Injinia alikuwa amevua kofia. "Mwambie sina ujanja," akasema. "Lazima niandike jina la mtu mmoja ambaye atakaa hapa. Mmoja tu. Bila hivyo mtambo unageuka unarudi Lodwar saa hii." Fundi mmoja alikuwa ameshapanda kwenye lori, na injini ilikuwa inanguruma. Nakal alianza kulia, akiwa bado ameshika mtungi.

Nikatafsiri. Akoru akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Anataka mtu ambaye hataondoka hapa?"

"Ndiyo."

"Hata majani yakiisha?"

"Ndiyo, mama. Mkazi wa kudumu."

"Nifuateni."

Akatutoa kwenye kundi, akavuka laga, akapanda upande wa pili, hatua kama mia mbili. Tukafika chini ya mkunazi mmoja mnene. Palikuwa na rundo la mawe, yamepangwa vizuri, na juu yake kibuyu kimefunikwa. Mimi nilikuwa nimepita pale mara nyingi. Nilidhani alichagua laga ile kwa sababu ya kunazi.

"Huyu ni Ekal, mtoto wangu wa kwanza," akasema, na alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejulisha wageni. "Mwaka ule wa ukame alikwenda kutafutia mbuzi maji, siku tatu, akarudi na homa. Tukambeba kwenye ngozi tukimpeleka hospitali Kakuma. Hapa tukamtua tupumzike. Alikuwa anaomba maji, na hatukuwa na tone."

Injinia akanitazama. Nilijaribu kutafsiri, nikakosea, nikaanza upya, nikamaliza.

"Mwambie aandike Ekal," Akoru akasema.

Injinia akachuchumaa, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika jina. Kalamu ikasimama kwenye nafasi iliyofuata. Akauliza polepole, kwa sababu fomu ilitaka, "Ameishi hapa miaka mingapi?"

"Miwili," Akoru akajibu. "Na haendi popote."

Injinia akaandika mbili. Akoru akachukua wino mwenyewe, akachovya kidole gumba, akakibonyeza kando ya jina la mwanawe mpaka karatasi ikajikunja. "Hiki nimemwekea yeye," akasema. "Changu mimi, hapana."

Injinia akasimama, akavaa kofia, akapiga kelele ng'ambo ya laga wawashe mtambo. Maji yalitoka siku ya tatu.